Ulimi wa Onni

Jumamosi, 25 Aprili

Msimu wa kuvua trauti, samaki wa maji baridi, umefunguliwa leo alfajiri, na mimi Weikko Sippola nimefungua daftari. Sababu ni Clyde Bellaire. Kila majira ya baridi tukikaa kunywa kahawa, Clyde hudai samaki wangu hukua inchi moja kila mwezi baada ya kuliwa. Basi mwaka huu naandika siku hiyohiyo, na atakayebisha nitamfunga mdomo kwa maandishi. Samaki wa kwanza: inchi kumi na moja. Clyde atasema tisa. Clyde ana macho ya fuko.

Shule niliiacha darasa la tisa, lakini nimeendesha lori miaka thelathini na sita. Nimekula pilipili za New Mexico, nimekula chaza wa Louisiana, na kule Laredo nilikula mbuzi aliyepikwa shimoni, nikamposa mpishi kabla sijanawa mikono. Hakuna ulimi kama wangu kutoka L'Anse mpaka Marquette, miji yetu ya kando ya ziwa. Sijisifu. Nasema hivyo kwa sababu leo ulimi huu umepewa kazi.

Tulikuwa watatu kama miaka yote: mimi, Clyde na Onni Harju. Theluji bado imejibanza chini ya mierezi, na maji ya bwawa lililojengwa na biva, wale panya wakubwa wa majini wanaokata miti, yana baridi ya kung'oa meno. Onni amechomwa miale ya koo majira yote ya baridi. Amekonda hata suruali yake inashikwa na mikanda miwili. Kansa, wanasema, imekufa. Lakini imeondoka na ladha yake. Sukari, chumvi, kahawa, kwake yote ni kama kulamba ubao.

"Daktari anasema pengine itarudi kabla msimu haujafungwa," alituambia. "Pengine."

Sasa, Onni ndiye mpishi wetu. Mojakka yake, mchuzi wa samaki wa maziwa na viazi, ndiyo inayotuamsha saa tisa za usiku kwenda kuumwa na mbu. Viazi kwanza, kisha vitunguu, kisha zile punje nyeusi zinazonukia karafuu na mdalasini kwa pamoja, samaki mwisho, na vichwa vyao. Mwiko haugusi kitu: sufuria hushikwa masikio ikatikiswa, ili samaki wasivunjike. Na chumvi huionja yeye peke yake. Leo alichota kijiko, akakitia mdomoni, akakaa nacho kama mtu anayesikiliza kama kuna hodi mlangoni. Kisha akanipa mimi.

"Weikko, mwaka huu wewe ndiye ulimi wangu. Clyde anavuta sigara, ulimi wake soli ya kiatu."

"Soli ya ngozi halisi," Clyde akajibu.

"Niambie tu. Imezidi au imepungua. Sitaki hotuba."

Nikaonja. Mama yangu! Chumvi ile ingehifadhi maiti. Nikainua macho nimwambie, nikakuta ananitazama huku ameshika kijiko kwa mikono miwili.

"Tamu!" nikasema. "Tamu ajabu, Onni! Usiguse kitu!"

Clyde alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. Maana sisi huku, wajukuu wa Wafini, chakula hatukisifu. Kikiwa kibaya tunakula kimya. Kikiwa kizuri tunakula kimya halafu tunaongeza. Sifa kubwa kuliko zote ni "inalika", na marehemu mke wangu aliisikia kwangu mara moja, mwaka wa ishirini na mbili wa ndoa yetu. Akalia.

Jumapili, 26 Aprili

Nimekunywa maji usiku kucha. Clyde amepiga simu kuuliza kama nimekunywa maji usiku kucha.

Jumamosi, 9 Mei

Usubi wametoka. Wanaingia masikioni, puani, hata pale ambapo jua halijawahi kufika. Trauti saba kwa watu watatu. Wa kwangu mmoja inchi kumi na mbili, Clyde amekubali mbele ya shahidi.

Mojakka ya leo haikuwa na chumvi kabisa, na maziwa yalishika chini yakaungua. Onni akauliza. Nikasema nilipokuwa New Orleans nililipa pesa nyingi kwa chakula kisichofikia hiki hata nusu.

"Kweli?"

"Nife hapa."

Akacheka. Miezi yote hii sikuwa nimemsikia akicheka.

Nyuma ya rundo la kuni Clyde akanikamata mkono. "Wewe jamaa, unafanya nini?"

"Namfurahisha mgonjwa."

"Hakukuomba umfurahishe. Amekuomba umwambie chumvi."

"Mbona wewe umekula kimya?"

"Mimi hakuniuliza!" Mbwa wake alikuwa kajificha chini ya pikapu. Alimwagiwa bakuli zima la Clyde na amekataa. Mbwa anayekula nungunungu waliokufa barabarani.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua. Hatukwenda.

Jumapili, 24 Mei

Mvua. Onni amepiga simu. Anasema sauti yangu ikisema "tamu" anaisikia hata akiwa kitandani. Nimefurahi sana. Nimejisikia mtu mwema.

Jumamosi, 6 Juni

Leo nimeingia matatani kwa mdomo wangu. Tuko majini hadi kiunoni, Onni amekaa ukingoni kwa sababu miguu haina nguvu, anatufungia chambo, akasema: "Nimewaambia kwenye ukumbi wa kijiji kwamba mwaka huu mojakka ya Juhannus nitapika mimi."

Juhannus ni sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi. Tunawasha moto mkubwa ufukweni, watu wote wa kando ya ziwa wanakusanyika, na chakula huliwa ukumbini. Kwa kawaida hupika Impi Kangas, mwanamke mwenye umri wa miaka themanini na tatu na roho ya sajini.

"Impi amekubali?" nikauliza.

"Nilimwambia Weikko Sippola amesema mojakka yangu ya mwaka huu imezipita zote. Akasema, 'Sippola kasema hivyo? Kwa mdomo wake?' Akanipa ufunguo wa jiko."

Clyde akageuka akanitazama. Samaki alikuwa anavuta mshipi wake, naye hakuwa na habari.

Ningeweza kusema pale pale. Maji yalikuwa yanapita, ndege wanalia, siku nzuri. Nikasema, "Watakula mpaka sufuria ipige kelele."

Alhamisi, 18 Juni

Kila mvuvi wa kando ya ziwa ameleta trauti watano kwa ajili ya Juhannus, kiwango cha sheria. Onni amewapara mwenyewe jikoni kwake, amekaa kwenye kiti. Vidole vyake havijapoteza kitu: kisu kinapita mara moja tu. Bintiye Aili amekuja kutoka Duluth kumsaidia. Ameniambia, "Mjomba Weikko, asante. Kama si wewe, Baba angekuwa amelala tu akitazama ukuta."

Nimekwenda nyumbani bila kumaliza kahawa.

Jumapili, 21 Juni

Nitaandika ya jana.

Nilifika mapema na mpango: kumsimamia Onni begani, niipunguze chumvi kwa siri. Impi Kangas akanitoa jikoni kwa ufagio. "Mpishi mmoja, jiko moja," akasema. Nikabaki mlangoni kama paka.

Watu thelathini na kitu waliketi. Onni alitoka amevaa shati jeupe, akasimama pembeni na taulo begani. Shingo yake imekuwa nyembamba hivi, na bado ilikuwa na alama nyekundu za miale. Bakuli zikapelekwa. Watu wakainua vijiko.

Kimya.

Huku kwetu, kimya ni kitu kizuri. Onni alisimama pale akisikiliza kile kimya, na uso wake ukafunguka, akatabasamu, akanitafuta kwa macho kati ya watu wote, akanipungia taulo. Mimi nikampungia. Nilikuwa nimekwisha kuonja. Punje zile nyeusi alizitia kama mtu anayepanda mahindi. Mdomo ulikuwa unawaka na kufa ganzi, na juu yake chumvi. Mzee mmoja alikula mkate tu. Impi alikula yote, kijiko kwa kijiko, machozi yakimtoka, akaweka bakuli tupu mezani kwa kishindo ili Onni aone. Mungu ampe Impi Kangas miaka mingine themanini.

Kisha watu wakatoka kwenda kwenye moto. Onni akaingia jikoni kuosha sufuria zake, maana sufuria zake haoshi mtu mwingine. Nilimfuata nimzuie, nikachelewa. Alikuwa amesimama mbele ya pipa la taka ameshika kifuniko. Pipa limejaa mojakka hadi juu. Vichwa vya trauti vimeelea, vinatutazama.

Hakugeuka. Akasema, "Ilikuwaje?"

"Onni..."

"Nimekuuliza. Ilikuwaje?"

"Viungo vimezidi. Na chumvi."

"Na ile ya Mei?"

"Iliungua."

"Ya kufungua msimu?"

Nikatazama vile vichwa vya trauti.

Akafunika pipa polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. "Miaka arobaini tunakula pamoja," akasema. "Hujawahi kuniambia neno 'tamu' hata mara moja. Mwaka huu kila sufuria ni tamu, tamu, tamu. Nilifikiri ugonjwa wangu umekulainisha. Nikasema, mwanamume huyu amejifunza kusema." Akajifuta mikono. "Kwetu mtu anasifiwa hivyo akiwa ndani ya jeneza, Weikko. Kila siku ulikuwa unanisifu, na mimi nilikuwa sijui kwamba umeshanizika."

Nimewahi kugonga lori na treni. Lori langu, treni yao. Nilitoka nikatembea. Jana nilitoka pale jikoni na sikujua miguu iko wapi. Nje walikuwa wanaimba kando ya moto, na jua halikuwa na nia ya kutua.

Jumatatu, 22 Juni

Nimepiga simu. Aili amesema amelala.

Jumamosi, 27 Juni

Nimepiga simu. Amelala.

Jumamosi, 4 Julai

Fataki za sikukuu ya Uhuru mjini. Mimi na Clyde tulikwenda bwawani wawili. Trauti tisa. Tukawakaanga kwa unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe, maana hakuna kati yetu aliyethubutu kutaja mojakka. Samaki walikuwa wazuri. Nilikula mmoja.

"Sema kitu," Clyde akasema. "Sijazoea."

"Sina."

"Nimekufahamu tangu una nywele. Leo ndiyo mara ya kwanza umesema neno moja na ni kweli."

Jumanne, 14 Julai

Aili amekuja mwenyewe, amesimama uani, hakutaka kuingia. Kansa imerudi. Kooni na kwenye mapafu. Madaktari wanataka kuanza tena miale na dawa, na Onni amekataa.

"Mjomba, anaitaka mojakka," akasema. "Si kula. Kupika. Anasema anataka kuipika ile ya zamani mara moja tu, ile yenyewe, kabla msimu haujafungwa, na ajue kwamba ameipika. Lakini hana wa kumwonjea. Mimi nilikulia Duluth kwa mama, nimeila mara mbili tatu tu, siikumbuki. Na Clyde..."

"Soli ya kiatu."

"Ndiyo. Nami sikuja kukuombea msamaha. Bado amekasirika. Nimekuja kukwambia tu."

Jumatano, 15 Julai

Nimekwenda na trauti wanne ndani ya gazeti. Mlango ulikuwa wazi. Onni amekaa jikoni na blanketi mabegani, Julai hii. Hakunisalimu. Mimi nikawasha jiko nikapika mojakka mwenyewe, mbele yake, kwa mara ya kwanza maishani. Alinitazama nikikata viazi ukubwa wa ngumi. Alinitazama nikitia samaki kwanza. Nilipochukua mwiko nikakoroga, alifumba macho.

Ilipoiva nikajipakulia.

"Ikoje?" akauliza. Sauti imebaki kama karatasi.

"Mbaya."

"Kwa nini?"

"Viazi vibichi. Samaki amekuwa uji. Maziwa yamekatika. Chumvi nilisahau. Kama ningepewa hii gerezani ningepanda ukuta."

Akaanza kutikisika. Nikadhani amezidiwa, nikaruka. Alikuwa anacheka. Akacheka hadi akakohoa damu kidogo kwenye blanketi, akaifuta kwa kidole kama si kitu.

"Jumamosi," akasema. "Lete samaki wadogo. Wakubwa wana majivuno kama wewe."

Jumamosi, 18 Julai

Mojakka ya kwanza. Nimemwambia: chumvi imepungua, kisha imezidi. Akanitukana. Nikamtukana. Aili alitoka nje kwa hofu.

Jumamosi, 25 Julai

Mojakka ya leo: maji ya kuoshea viatu.

Alhamisi, 30 Julai

Bora. Lakini vitunguu vimetiwa mapema mno, vinakuja mbele kama mlevi harusini. Nimemwambia hivyo. Akauliza, "Mlevi wa upande wa bwana harusi au bibi harusi?" Nikasema bibi harusi. Akasema, "Nimeelewa." Na kweli ameelewa! Mara ya pili alivitia baada ya viazi kuchemka mara moja.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimegundua jambo. Kumbe mimi nimekula mojakka yake miaka arobaini bila kuionja. Nilikuwa nasema tu. Sasa naweka kijiko mdomoni, nafunga macho, nanyamaza, namtafuta Onni mle ndani. Nazijua zile punje: sita, si zaidi, zisipondwe. Naijua dakika samaki anapoachia mafuta yake kwenye maziwa. Nimetembea nchi nzima kutafuta vya kula na hiki kilikuwa hapa.

Jumamosi, 15 Agosti

Karibu. Nilisema "karibu", nikachota tena kuhakikisha. Akameza vijiko viwili mwenyewe, kwa shida, apate joto lake.

"Kitu gani bado?"

"Sijui. Iko mlangoni, haijaingia."

"Basi tuache mlango wazi."

Jumamosi, 22 Agosti

Onni amelala leo siku nzima.

Jumatatu, 7 Septemba

Koo limefunga. Wamemwekea mpira wa kumlisha moja kwa moja tumboni. Chakula chake ni maziwa ya kopo. Alimwambia muuguzi kwamba hajaona mpishi mvivu hivyo. Uzito wake sitauandika.

Jumamosi, 19 Septemba

Majani yamekuwa mekundu. Trauti madume wamepata tumbo la rangi ya machungwa. Clyde alivua wanne, akarudisha watatu majini bila kusema kwa nini. Hajavuta sigara tangu Julai. Leo ndiyo nimegundua, nimemuuliza, akasema, "Labda mngehitaji ulimi wa akiba."

Jumatano, 30 Septemba

Siku ya mwisho ya msimu.

Aili alikataa, daktari alikataa, Onni alikubali, kwa hiyo tulikwenda. Tulimbeba kutoka kwenye pikapu hadi bwawani juu ya kiti cha jikoni, mimi huku, Clyde kule. Hakuwa mzito. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Baridi ilikuwa imeanza, pumzi zinaonekana. Tukamweka karibu na moto na blanketi tatu, tukaingia majini. Nilipata wawili, Clyde watatu. Hakuna aliyetaja inchi.

Aliwapara mwenyewe. Ilichukua muda mrefu. Kisu kilikuwa kinasimama kati ya samaki mmoja na mwingine, nasi tunatazama maji. Viazi alikata Aili, ukubwa aliouonyesha kwa kidole. Vitunguu baada ya kuchemka mara moja. Punje sita. Samaki, vichwa, maziwa, siagi. Alipofika kwenye kutikisa sufuria, alishika masikio yake na taulo, nami nikashika mikono yake, na tulitikisa pamoja. Chumvi akatia kwa vidole vitatu. Nikaonja, nikasema imepungua. Akatia tena. Nikasema basi.

Kisha nikajipakulia bakuli. Clyde na Aili walisimama na bakuli zao tupu. Hakuna aliyesogea.

"Haya," Onni akanong'ona. "Ndiyo ile?"

Nikala kijiko cha kwanza, nikafumba macho. Nikala cha pili.

Ee, ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka huu. Na neno moja tu lilikuwa linatakiwa, herufi chache, hata mtoto angelisema. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wangu tayari, na usiku huu angelala nalo. Nilimtazama. Alikuwa amenikazia macho, wala hakuwa akiniomba kitu.

"Siyo ile," nikasema.

Aili akaweka mkono mdomoni.

"Chumvi?" Onni akauliza.

"Iko sawa."

"Samaki?"

"Mzima. Hakuvunjika."

"Viazi vimeiva?"

"Vimeiva. Sina cha kukwambia uongeze, Onni. Siyo ile tu. Ile imekwisha kwenda."

Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayesikia habari aliyokwisha kuijua, na amefarijika kwamba aliyeileta ni mtu anayemfahamu. "Ndiyo," akasema. "Hata mimi nilihisi mikononi." Kisha akavuta blanketi. "Na hii? Ikoje hii?"

"Ya moto," nikasema. "Maziwa ni mazito, yanashika mdomo juu. Siagi inakuja kwanza. Halafu moshi, moshi umeingia kidogo, wa mti ule wa gome jeupe. Sasa ndiyo samaki."

"Ngozi?"

"Inateleza. Kuna mfupa."

"Utoe."

Nikautoa. "Nyama yake laini. Tamu kwa mbali, halafu ule uchungu kidogo wa maji ya bwawa. Na kiazi kimenyonya yote hayo, kinavunjika."

"Kuleni na nyinyi," akawaambia wengine, "inapoa." Kwangu akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Kijiko kwa kijiko, bila kuongeza wala kupunguza. Na kila nilipomeza, nililiona koo lake, lile lililofunga, likipanda na kushuka pamoja na langu.